Setilaiti hai au takataka ya angani? Jinsi ya kuzitofautisha kwa macho ukiwa Kisumu

Setilaiti ndogo za bei nafuu hurushwa kwa makundi siku hizi. Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX, zilianza Mei 2019 kwa kupakia 60 kwenye roketi moja, na sasa ziko maelfu. Katikati yake huzunguka roketi zilizomaliza kazi, setilaiti zilizokufa na vipande vya migongano. Kwa aliyesimama Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, akitazama juu, zote ni nukta za mwanga zinazotembea. Zinaweza kutenganishwa, na kifaa kikuu cha kazi hiyo ni saa.

Beba simu yenye stopwochi, mkeka wa kulalia chali na, ukiweza, darubini ya macho mawili ya 7x50. Ya 10x50 hukuza zaidi lakini pia hukuza mtetemo wa mikono. Usitarajie kuona setilaiti za sentimita 10 kwa 10 kwa 30 hivi. Hazionekani kwa macho hata anga iwe safi namna gani. Utakazoona ni za ukubwa wa Starlink kwenda juu, na roketi kuukuu, ambazo mara nyingi ndizo zenye mwanga mzuri zaidi.

Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja jioni, kutegemea mwezi. Nakuru hutangulia kwa dakika tano. Andika dakika halisi ya machweo ya siku hiyo, maana kila kitu kitahesabiwa kuanzia hapo. Karibu na ikweta jua hushuka wima, kwa hiyo giza huingia upesi na kivuli cha dunia hupanda angani kwa mwendo unaotabirika. Dakika 90 hivi baada ya machweo, kivuli hicho huwa kimefika kilomita 550 juu ya utosi wako, na Starlink nyingi zinazopita hapo hupotea machoni. Dakika ya 100 kimefika kilomita 650, na dakika ya 110 kiko 800. Mwezi wa Juni na Desemba ongeza dakika 10 kwa kila hesabu.

Huo ndio mchujo wenyewe. Kitu kinachong'aa utosini dakika ya 105 kiko juu kuliko kundi kubwa la Starlink, na huko ndiko takataka hukaa muda mrefu. Kwenye kilomita 400 hewa bado inatosha kuvuta kitu chini: 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitolewa kwenye kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018 na kufikia 2020 ilikuwa imeungua. Kwenye 550 iliyokufa huchukua miaka kadhaa. Kwenye 800 ni karne au zaidi, na karibu na hapo, kilomita 789, ndipo setilaiti Iridium 33 na Kosmos 2251 iliyokuwa imekufa ziligongana Februari 2009 na kutawanya maelfu ya vipande. Mchujo huu unafaa utosini tu, ndani ya ngumi mbili kila upande. Magharibi, juu ya ziwa, hata vitu vya chini huendelea kuwaka kwa muda.

Hakikisha kwa ngumi. Nyoosha mkono kabisa: upana wa ngumi ni takriban digrii 10. Utosini, kituo cha kimataifa hukata ngumi moja kwa sekunde 10, cha kilomita 550 kwa sekunde 13, cha 800 kwa sekunde 19. Saa ikisema kilomita 800 na ngumi ikisema sekunde 10, umetazama ndege.

Sasa mwanga. Setilaiti hai hujishikilia imeelekea upande mmoja, hivyo mwanga wake kwa kawaida hutulia. Iliyokufa, na hasa roketi tupu, hubiringika, na kila upande ukielekea jua humweka. Pima hivi: mmweko wa kwanza uite sifuri na hapo hapo uanzishe stopwochi, hesabu hadi kumi, simamisha, gawanya muda kwa 10. Ukianza kwa kusema "moja" utapata muda mfupi kuliko halisi, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mmweko mmoja tu wa sekunde chache si ushahidi. Hata Starlink iliyo hai huakisi jua hivyo. Mwanga uliotulia nao haumaanishi kitu ni kizima, bado itabidi kuangalia orodha ya vitu vya angani. Ndege hupepesa karibu kila sekunde na ina taa nyekundu na ya kijani. Kitu kinachofifia taratibu katikati ya anga na kutorudi kimeingia kivulini, hakijazimika. Na ule mstari wa nukta zinazofuatana, unaojaza vikundi vya WhatsApp kwa maswali, ni Starlink zilizorushwa siku chache zilizopita.

Kisha fungua Heavens-Above, tovuti yenye orodha hiyo na ratiba za kupita kwake, na uweke 0.09 kusini, 34.75 mashariki. Kukosea kusini na kaskazini hapa kutakuhamisha kilomita 20 tu. Kuweka magharibi badala ya mashariki kutaharibu kila kitu. Linganisha sekunde na mwelekeo. Jina likiishia "R/B" ni roketi, "DEB" ni kipande. Cha kuchekesha ni kwamba takataka hufika kwa wakati kuliko walio hai: haina injini ya kujisogeza, wakati Starlink mpya hupanda kila siku na inaweza kukosa ratiba kwa dakika kadhaa.

Mahali: Dunga ina upeo wazi wa magharibi, lakini viboko hutoka majini kula nyasi jioni, kwa hiyo kaa karibu na watu na mbali na matete. Taa za wavuvi wa omena hazisumbui ukitazama utosini. Mawingu ya jioni yakizidi, geuza ratiba: hesabu dakika zile zile kurudi nyuma kutoka mawio, uanze kama saa kumi na moja kasorobo alfajiri.

Ukiona mwanga unaokatika vipande na kusafiri polepole kwa nusu dakika au zaidi, hicho kinaungua kikirudi. Kimondo humalizika kwa sekunde chache. Rekodi video ukiwa umesimama mahali pamoja, mti au paa ukionekana ndani ya picha ili mwelekeo upimike. Kipande kikianguka, kama pete ya chuma ya kilo 500 hivi iliyotua Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, usikiguse, maana matangi huweza kubaki na mafuta yenye sumu. Zuia watoto na mifugo, piga picha kwa mbali, mwambie chifu au polisi, nao wawaite Kenya Space Agency.