Tiyo ya pumzi ya moto (pikipiki) inamwaga mafuta: usizibe, soma hapa kwanza

Swali hili linarudi kila wiki: "Fundi, moto inaangusha mafuta chini, jwenti zote ni nzima, ninunue segmenti?" (Jwenti ni vizuizi vya mafuta kati ya vipande vya motere, segmenti ni pete za pistoni.) Nimelijibu kwa maandishi, kwa sauti na kwa simu usiku. Sasa naliandika lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwonyesha hapa. Watu wanapoteza pesa ya wiki nzima kufungua motere ambayo haina ugonjwa, na hilo linaniuma.

Nazungumzia moto zetu za kazi hapa Goma, za silinda moja: Boxer, TVS, Haojue na nyingine za namna hiyo. Ndani yake motere, ambreyaji (klachi) na gia vinatumia mafuta yale yale katika karteri moja, yaani kasha la chini la motere. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake. Motere ya 125 inasukuma karibu sentimita 125 za ujazo kila inaposhuka, na inashuka maelfu ya mara kwa dakika. Juu ya hiyo kuna gesi kidogo inayopenya kwenye segmenti, hata motere ikiwa mpya. Yote hiyo inatafuta njia, na njia ni tiyo ya pumzi, ambayo kwa kawaida inaenda kwenye sanduku la filitri ya hewa. Hewa ikipita inabeba ukungu wa mafuta. Unyevu kidogo ndani ya tiyo ni kawaida. Tone linaloanguka kila ukisimama kungoja mteja si kawaida.

Hatua ya 1. Osha chini ya motere, kausha, zunguka mtaani kidogo, kisha uangalie upya. Mafuta yanasafiri na upepo. Yanaweza kutoka mbele na kuonekana nyuma.

Hatua ya 2. Hakikisha ni tiyo yenyewe. Chini ya moto zinaning'inia kadhaa. Ya kariburatere inatoa esansi (petroli). Ya betri ya maji inatoa asidi, hiyo usiishike wala usiinuse. Ile fupi yenye kizibo chini ya sanduku la filitri inakusanya uchafu, na mafuta yakikutwa humo basi yalipita kwenye tiyo ya pumzi.

Hatua ya 3. Pima mafuta. Hapa ndipo moto nyingi ninazoletewa zinapona bila kununua kitu, kwa hiyo soma pole pole.

Moto isimame wima kabisa, juu ya bekiye (stendi) ya katikati, mahali tambarare. Goma yetu ya mawe ya volkano haina tambarare nyingi, tafuta sakafu ya simenti. Washa dakika mbili tatu, zima, ngoja kama dakika tano mafuta yashuke, ndipo uangalie. Ukipima moto ikiwa imeegemea bekiye ya pembeni, inalala kushoto. Kidirisha au kijiti cha kupimia kwa kawaida kiko kulia, kwa hiyo upande huo unainuka na mafuta yanaonekana pungufu. Unaongeza. Kesho unaangalia vile vile, unaongeza tena. Karteri inajaa, meno ya gia na ambreyaji yanapiga mafuta hadi yanakuwa povu, na povu linapanda kwenye tiyo.

Kwa wenye kijiti: kuna motere ambazo kijiti kinawekwa juu ya tundu bila kukazwa, na kuna ambazo kinakazwa kwanza. Angalia kitabu cha moto yako. Kama cha kwako ni cha kukazwa na wewe unakiweka juu tu, kitaonyesha pungufu na utajaza kupita kiasi.

Jambo jingine ambalo vijana wa garaji wanalikosea: kitabu kinatoa vipimo viwili, kimoja cha kubadilisha mafuta, kingine kikubwa zaidi cha motere iliyofunguliwa yote. Ukimwaga mafuta ya zamani, mengine yanabaki ndani. Ukijaza kipimo cha motere iliyofunguliwa umezidisha. Na bido ya litre moja si kipimo cha kila motere.

Yakizidi, yapunguze. Sirinji kubwa ya duka la dawa na kipande cha tiyo laini vinatosha kuyavuta kwa tundu la kujazia. Kisha safisha sanduku la filitri, endesha siku mbili, uangalie tena. Usiendelee na hatua nyingine kabla ya hapo.

Hatua ya 4. Nusa mafuta. Yakinuka esansi na kiwango kinapanda bila wewe kuongeza, shindano ya floti (sindano ndogo inayofunga esansi) kwenye kariburatere haifungi na esansi inashuka kwenye motere usiku. Usiwashe. Usimulike kwa kiberiti wala mshumaa. Tengeneza kariburatere, badilisha mafuta yote, na kuanzia leo funga robine (koki ya esansi) kila ukiegesha.

Hatua ya 5. Toa tiyo nzima na upulize. Hewa ipite bila kulazimishwa. Angalia kama haikubanwa chini ya rezavwari (tangi), haikukunjika, haina tope. Ukikuta kitu cheupe kama maziwa mazito, ni maji yamechanganyika na mafuta: asubuhi za baridi na safari fupi fupi zinafanya hivyo, na pia kuosha moto kwa pampu ya nguvu ukielekeza maji kwenye sanduku la filitri. Kidogo ndani ya tiyo si hatari, safisha. Mafuta yote ya motere yakiwa meupe, badilisha yote.

USIZIBE TIYO. Nimeona zimezibwa kwa bulo (bolti), kwa kipande cha mti, kwa mpira uliofungwa na waya. Hewa haikubali kufungwa. Itasukuma jwenti spi (mpira unaozuia mafuta pale mti unapozunguka) ya pinyo ya mbele (gia ndogo ya mnyororo), au ya krenki (mti unaozungushwa na pistoni), au jwenti ya kifuniko cha ambreyaji, hadi moja ipasuke. Ulikuwa na tone moja la mafuta, sasa una motere inayomwaga pande tatu, na jwenti spi mpya nayo itatoka kama kizibo bado kipo.

Na usiiache ikining'inia wazi karibu na gurudumu. Pistoni ikipanda, hewa inarudi ndani kidogo. Vumbi letu jeusi ni volkano iliyosagwa, linakula chuma. Irudishe mahali ilipotengenezewa.

Hatua ya 6. Kiwango ni sawa, hakuna harufu, tiyo ni safi, na bado inamwaga? Sasa tunaweza kuzungumzia segmenti. Pima nguvu ya kompresyo. Tia kijiko cha chai cha mafuta kwa tundu la buji (plagi), piga kiki mara chache, pima tena. Ikipanda sana, segmenti au silinda imekwisha. Isipopanda, angalia supapi (vali).

MASWALI

Motari wa Ndosho: Fundi, yangu pia iko inamwaga. Segmenti za Boxer ni bei gani sasa?

Jibu: Hatua ya 3. Umepima?

Motari wa Ndosho: Ndiyo, iko pungufu kila siku naongeza.

Jibu: Umepima ikiwa juu ya bekiye gani?

Motari wa Ndosho: Ya pembeni.

Jibu: Rudi juu, soma aya ya pili ya hatua ya 3, kisha uniandikie.

Garaji Birere: Tunaziba na bulo ya 8 tangu zamani na wateja hawarudi kulalamika. Usitishe watu.

Jibu: Hawarudi kwako, wanakuja kwangu na jwenti spi mkononi. Ndugu, sikutukani, kazi yetu ni moja. Chukua moto moja uliyoziba, iendeshe hadi Sake na mzigo, kisha angalia nyuma ya pinyo. Ukikuta pakavu, iandike hapa wote wasome.

Mama wa Katindo: Fundi, mimi siendeshi. Moto ni yangu, kijana ananiletea pesa jioni. Wiki hii anasema garaji inadai segmenti na silinda. Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Omba vitu vitatu. Moto isimame wima mbele yako na uonyeshwe kiwango cha mafuta. Tiyo ya pumzi itolewe, ipulizwe mbele yako. Halafu iwashwe asubuhi ikiwa baridi, na umwombe kijana aipandishe kwa kukaza gesi. Moshi wa bluu unaoendelea kila akipandisha unaelekea kwenye segmenti. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha tu kisha unapotea ni zaidi jwenti za supapi, na hiyo ni kazi ndogo zaidi. Wakibadilisha, vile vya zamani upewe wewe. Na kijana wako asilaumiwe haraka, huenda naye anarudia tu alichoambiwa.

Dogo wa Kadutu: Yaya, mimi nilipandisha moto kwenye boti Goma–Bukavu. Waliilaza ubavu. Tangu nifike inatoa moshi na sanduku la filitri limejaa mafuta. Motere imekufa?

Jibu: Hapana, dogo. Ilipolala, mafuta yalitembea kwenye tiyo ya pumzi hadi sandukuni, sasa inayavuta na kuyachoma. Toa filitri, safisha sanduku, ning'iniza tiyo ikauke. Kabla ya kuwasha toa buji na upige kiki pole pole, kama mafuta yaliingia juu ya pistoni yatoke, maana hayabanwi, yanaweza kupinda kitu. Kisha pima kiwango, kwa sababu sasa yamepungua. Moshi utaisha wenyewe. Safari nyingine waombe waifunge wima, na ufunge robine.

Mwanafunzi ISTA: Je, urefu wa Goma unachangia? Tuko mita 1,500 hivi.

Jibu: Swali zuri. Kwa pumzi ya karteri, karibu hapana: hewa ya nje imepungua, na ya ndani inapungua nayo. Lakini kariburatere inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, na kama jeti (kitundu kinachopima esansi) haikubadilishwa moto inakula esansi nyingi. Esansi isiyoungua inaosha ukuta wa silinda na kushuka kwenye mafuta. Angalia rangi ya buji: ikiwa nyeusi ya masizi, anzia hapo.

Motari wa Majengo: Naweza kutia mafuta ya gari? Ni bei rahisi.

Jibu: Tafuta alama ya JASO MA (ya mafuta ya moto zenye ambreyaji ndani ya mafuta) kwenye bido. Ambreyaji yetu inaogelea kwenye mafuta hayo, na mengi ya gari yana dawa ya utelezi, ambreyaji itateleza ukiwa mlimani na abiria wawili.

Wa Katuba, L'shi (Lubumbashi): Hapa tuna mzee mwenye Harley (moto kubwa ya Marekani). Mafuta yanatoka kwenye pumzi ya karteri ya primeri. Somo lako linafaa?

Jibu: Wazo ni lile lile, lakini nyumba ni tofauti. Harley za Big Twin zina mafuta sehemu tatu: motere, primeri na gia. Kwenye Sportster za zamani, primeri na gia vinatumia pamoja. Primeri ni kile kisanduku cha kushoto chenye mnyororo na ambreyaji. Mwambie mzee aisimamishe wima, afungue kifuniko cha ambreyaji. Kwenye nyingi za Big Twin mafuta yanatakiwa kufika ukingo wa chini wa springi ya ambreyaji, lakini athibitishe kwenye kitabu cha mwaka wake. Yakizidi, apunguze, na ahakikishe tundu la pumzi halikuziba.

Kama ni Big Twin na kiwango cha primeri kinapanda chenyewe, mafuta yanatoka kwa jirani. Ajaze sehemu zote tatu sawasawa, aandike, aendeshe, apime tena. Ya motere yakipungua, jwenti spi ya krenki upande wa kushoto inavuja. Ya gia yakipungua, ni jwenti spi ya mti wa gia pale unapoingia primeri. Asifungue chochote kabla ya vipimo hivyo, vipuri vyake vinatoka mbali.

Motari wa Ndosho: Fundi, nimeisimamisha kwenye simenti ya kanisa. Mafuta yamepita mstari wa juu kabisa, kidirisha chote kimejaa.

Jibu: Vizuri, ahsante kwa kurudi. Punguza kwa sirinji hadi kati ya mistari miwili. Filitri yako ikiwa ya sponji, ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa kivulini, tia mafuta kidogo, ikamue, ndipo urudishe. Usiioshe kwa esansi, inalegeza gundi. Niandikie Ijumaa.