Kabla ya kununua bima ya afya, soma sehemu ya kulazwa

Mimi ni karani wa bili katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Mombasa. Wengi hufika dirishani kwangu na kadi mkononi bila kujua inalipa nini, na hulijua hilo siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Wakati huo umeshachelewa.

Anza na SHA, yaani bima ya afya ya serikali, hata kama una nia ya kununua bima nyingine. Ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, na unaweza kujisajili kwa simu kupitia *147#. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, kwa hivyo anayelipwa shilingi 40,000 hukatwa 1,100. Asiyeajiriwa, awe muuza mboga Kongowea au mwendesha boda, hupigiwa hesabu kwa mapato ya nyumba yake. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini yeye hulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Kujisajili pekee hakutoshi! Bila kulipa utatibiwa bure kwenye zahanati na kituo cha afya, kwa kuwa huko fedha zinatoka serikalini. Ukilazwa hospitali kubwa, bili ni yako. Nimeona familia nyingi zikilia kwa hili.

Mwandikishe mwenzio na watoto mapema. Wazazi hawaingii kwenye jina lako. Wao huhesabiwa kama nyumba nyingine. Kama mamako hana uwezo, mlipie ya kwake.

Sasa bima ya kibinafsi. SHA hulipa viwango maalum: 10,000 kwa kujifungua kawaida, 30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji. Hospitali nyingi za kibinafsi hutoza zaidi ya laki moja kwa upasuaji wa uzazi, na tofauti hiyo lazima itoke mahali. Bima ya kibinafsi ndiyo huziba pengo, lakini nyingi husubiri SHA ilipe kwanza, kwa hivyo usiiache ya serikali ukidhani umepata bora.

Mawakala hupenda kukuuzia matibabu ya kutolazwa, kwa kuwa ndiyo unayoyaona kila mwezi. Mimi nakushauri kinyume chake. Homa ya mtoto utaigharamia hata kwa kukopa kidogo. Kinachowafanya watu wauze shamba na kuitisha harambee ni kulazwa: ajali, upasuaji, chumba cha wagonjwa mahututi. Pesa zikiwa chache, nunua ya kulazwa peke yake, na zile za kutolazwa ziweke akiba. Aliye na presha au sukari, anayenunua dawa kila mwezi, huyo ana sababu ya kuongeza ya kutolazwa, mradi magonjwa sugu yawemo.

Kisha omba mkataba wenyewe, usitosheke na karatasi ya matangazo. Ukurasa wa kwanza utasema milioni mbili. Uliza: milioni mbili za kila mtu, au za familia nzima kugawana? Ndani utakuta viwango vidogo vya uzazi, magonjwa sugu, meno na macho. Hivyo ndivyo vitakavyokugusa, si ile milioni.

Tazama pia muda wa kungoja. Ajali kwa kawaida hulipwa tangu mwanzo. Uzazi mara nyingi hungojewa karibu mwaka. Alikuja mama mmoja kujifungua na kadi ya miezi mitatu. Kampuni ilikataa, na kwa mkataba aliotia sahihi ilikuwa na haki. Mumewe alikaa kwenye benchi letu hadi usiku akipigia ndugu simu. Wakala hakuwa amewaambia.

Ugonjwa ulio nao utaje kwenye fomu. Najua watu huuficha ili walipe kidogo, lakini daktari ataandika kwenye faili kwamba presha ni ya miaka mitano, na kampuni itapata sababu ya kukataa bili yote. Kwa wazee, uliza vilevile kadi inaweza kuhuishwa hadi umri gani.

La mwisho, usimuulize wakala hospitali gani zinapokea kadi yake. Pigia hospitali iliyo karibu nawe, omba watu wa bili, uliza kama wanaipokea kadi hiyo na kampuni huchukua muda gani kuidhinisha mgonjwa alazwe. Sisi tunajua, na tutakwambia.