Umesoma historia? Kazi zipo hapa hapa Mombasa

Wazazi wengi hapa Mji wa Kale huniuliza mtoto aliyechukua historia chuoni atakula nini. Mimi nala kwa historia, basi nawajibu ninyi wadogo zangu mnaosoma.

Ualimu mwaujua. Kumbukeni tu kwamba shahada ya historia peke yake haitoshi: TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, yataka mafunzo ya ualimu na somo la pili la kufundishia. Asiyesoma elimu ajipange na diploma ya uzamili.

Kazi yangu ni nyaraka za ardhi. Mawakili hunipa namba ya kiwanja, nami natafuta kilipitia mikono ya nani. Kesi za ardhi Pwani zina mizizi mirefu. Sheria ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye ardhi ajitokeze kuidai. Ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali, na hadi leo kuna watu waitwao maskwota kwenye ardhi walikozikwa babu zao. Jalada la enzi hizo lataka mtu ajuaye kuuliza: nani aliandika, kwa faida ya nani, na nani hakuitwa? Kisha uwaendee wazee uulize makaburi ni ya nani, minazi ilipandwa na nani, maana huku mnazi waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Unalinganisha kauli zao na karatasi.

Ukiitaka kazi hii, jifunze kusoma ramani za wapimaji. Jifunze pia Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwani barua na hati nyingi za zamani ziliandikwa hivyo. Wenye ujuzi huo ni wachache mno, na naona uchungu wazee wanavyotutoka nao. Likizo ikifika, omba nafasi kwa wakili wa mambo ya ardhi, hata kama ni ya kupanga majalada.

Utembezaji wageni nao ni kazi ya heshima. Pata leseni, na uongeze Kijerumani au Kiitaliano. Pale Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, usimmwagie mgeni miaka. Mwoneshe michoro ya meli waliyoichora mabaharia Wareno ukutani, umweleze jinsi Waomani walivyoizingira ngome kuanzia 1696 hadi wakaitwaa 1698. Hapo ataanza kuuliza mwenyewe.

Makumbusho ya Taifa nafasi ni chache, na wengi huingia kupitia mafunzo ya vitendo. Usitazame Mombasa mjini pekee: kuna magofu ya Jumba la Mtwana na ya Gede, na makumbusho ya Rabai.

Unapoandika barua ya maombi, usiishie kusema umesoma historia. Taja ulichofanya: wazee uliowarekodi, majalada uliyopitia, kisa ulichokichunguza hadi mwisho. Ambatisha kurasa mbili za kazi hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.