Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua njia ya kuingilia kutoka barabara kuu

Wengi wanaonunua kiwanja kando ya barabara kuu huamini wamenunua pia haki ya gari kukata kona kutoka kwenye lami hadi getini kwao. Kwa Tanzania sivyo. Kiwanja ni chako, lakini mahali pa kuungana na barabara panaombwa, na anayetoa kibali ni mwenye barabara. Jambo hili lijue kabla hujalipa fedha za kiwanja, maana thamani ya eneo lote inaweza kutegemea jibu la ofisi moja.

Anza kwa kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na kila mkoa una ofisi ya meneja wake. Barabara za wilaya, pamoja na zile za mitaa na vijiji, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unasaidia kuthibitisha kwamba unafahamika pale, ila haufungui njia kwenye barabara ya TANROADS. Wapo waliojenga daraja dogo la zege juu ya mtaro kwa ruhusa ya mtaa peke yake, wakaja kuandikiwa notisi ya kulibomoa kwa gharama zao.

Baada ya hilo, pima hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara yenyewe. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo usiharakishe. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake za 2009 ziliweka hifadhi ya mita 60 kwa jumla, yaani mita 30 kila upande. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Kipimo huanzia katikati ya barabara. Hakianzii kwenye ukingo wa lami, wala kwenye mtaro kama madalali wanavyopenda kuonyesha. Ndiyo maana kuna alama za X za rangi mbili kwenye kuta za nyumba: nyekundu kwa aliyeingia ndani ya hifadhi na hana fidia, kijani kwa yule aliyekutwa na upanuzi kutoka mita 22.5 hadi 30, ambaye atalipwa eneo litakapohitajika. Nyumba mbili zilizopakana zinaweza kuwa na rangi tofauti, na familia moja ikaondoka bila chochote.

Usiridhike na mita 30 peke yake. Ziko sehemu ambazo hifadhi ilitangazwa pana zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, mahali ambapo eneo lililohesabiwa kuwa hifadhi lilikuwa mara kadhaa ya mita hizo. Wako waliokuwa na umeme, maji na risiti za kodi ya majengo. Nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa na ramani ya upimaji mkononi, uliza upana wa hifadhi kwenye kilomita ile hasa, na uombe jibu la maandishi.

Ukishajua mpaka, utaona kwamba kati ya ukingo wa lami na bikoni zako kuna takribani mita 25 za ardhi isiyo yako. Maingilio yako yatapita juu yake kwa kibali tu. Usiweke humo geti, kibanda cha mlinzi, tangi la maji wala maegesho ya wateja, hata kama jirani ameweka na hajaguswa.

Sasa jiulize swali ambalo wengi hawapendi: je, kuna njia nyingine ya kufika? Kama nyuma au ubavuni mwa kiwanja kuna barabara ya mtaa, mhandisi atakuelekeza huko, na ana haki. Barabara kuu imejengwa ili magari yasafiri mbali kwa mwendo wa haraka, na kila mdomo, yaani njia ya kuingilia, unaofunguliwa unaongeza sehemu ambazo njia za magari hukutana. Wahandisi wamezihesabu: makutano ya njia tatu yana sehemu 9 za aina hiyo, na njia panda ya pande nne ina 32. Uingereza iliona miji yake ikijipanga kando ya barabara kuu kwa nyumba moja moja, ikatunga sheria ya kuzuia hali hiyo mwaka 1935. Sisi tunaiona leo kwenye barabara inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Duka likifunguliwa, linafuata la pili, halafu gereji, halafu kituo cha mafuta. Baadaye watoto wanagongwa wakivuka, wananchi wanadai matuta, na barabara ya taifa inageuka kuwa barabara ya mtaa. Kwa hiyo ukiwa na njia ya nyuma, itumie hata kama ni ya vumbi.

Kama hakuna njia nyingine, nenda ukapime uwezo wa kuona. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Katika usanifu wa barabara, dereva huhesabiwa sekunde 2.5 za kuona hatari na kukanyaga breki, hivyo mita 55 zimekwisha kabla breki hazijashika. Ili asimame salama anahitaji takribani mita 130 kwa mwendo huo, na mita 185 akiwa kilomita 100 kwa saa. Hizo ni hesabu za anayekuja. Wewe unayetoka getini na kukata kulia unakatiza magari yanayotoka kulia kwako, kisha unajiunga na yanayotoka kushoto. Kwa gari dogo hiyo ni kazi ya sekunde 7 hadi 8. Lori lenye tela linahitaji zaidi ya sekunde 11, na kwa mwendo wa kilomita 80 huo ni uwazi wa mita 250 hivi.

Kulipima jambo hili hakuhitaji mtaalamu. Simama pale gari litakaposubiri, mita 3 hadi 5 kutoka ukingo wa lami, uiname hadi macho yawe kama mita moja kutoka ardhini, kimo cha dereva wa gari dogo. Washa saa ya simu gari linapoonekana tu, uzime linapopita mbele yako. Rudia kwa pande zote mbili. Ukipata sekunde 5 au 6, pahali hapo si pa kutokea, hata kama ndipo ramani ya nyumba ilipoweka geti. Rudi tena jioni jua likiwa usoni, na rudi wakati wa masika majani yakiwa marefu. Kona na vilele vya milima ndivyo adui wakubwa. Vilevile kaa mbali na makutano, daraja, kivuko cha waenda kwa miguu na kituo cha basi, kwa sababu basi lililosimama linaziba kila kitu.

Jambo la maji hupuuzwa kuliko yote. Wakati wa ujenzi fundi humwaga kifusi mtaroni ili malori ya mchanga yapite, na kifusi hicho hubaki. Mvua ikija, maji hayana pa kwenda ila juu ya lami au ndani ya nyumba ya aliye upande wa juu. Ukingo wa lami hulainika, magari mazito huukata, na shimo linazaliwa mbele ya geti lako mwenyewe. Weka kalavati, yaani njia ya kupitisha maji ya mtaro chini ya maingilio yako, tangu siku ya kwanza, kabla lori la kwanza halijaingia. Liwe la upana ambao mtu anaweza kulisafisha, na sakafu yake ilingane na sakafu ya mtaro. Gharama za kulijenga na kulizibua ni zako. Mita za kwanza za njia yako ziteremke kutoka barabarani, zisipeleke maji kwenye lami. Ziwekwe zege au lami pia, kwani changarawe inayoburutwa na matairi hadi barabarani huwaangusha bodaboda.

Geti lirudi nyuma kiasi kwamba gari refu kuliko yote unayotarajia lisimame nje ya lami yote wakati mlinzi anafungua. Kwa ghala, fikiria lori na tela lake, ambalo linaweza kufikia mita 20 na zaidi.

Zungumza na majirani kabla ya kuandika barua. Viwanja vitatu vikitumia mdomo mmoja, vinagawana kalavati moja, na ombi linakuwa jepesi kutetea. Wekeni makubaliano kwa maandishi mbele ya wakili, ili atakayenunua baadaye asije akafunga njia. Eneo likiwa bado kwenye urasimishaji, yaani linapimwa ili wakazi wapate hati, huo ndio wakati wa kudai barabara ya pembeni ichorwe sambamba na barabara kuu, kwa kuwa baada ya hati kutoka hakuna atakayekubali kumega ardhi yake.

Katika ombi lenyewe eleza matumizi kwa ukweli. Kibali cha nyumba ya kuishi hakitoshi kwa baa au karakana, kwani idadi na aina ya magari ni tofauti kabisa. Mwenye kituo cha mafuta ajue pia kuna EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na NEMC, baraza la mazingira, na afike TANROADS mapema, kabla ya kulipia michoro mingine, kwa sababu maingilio yakikataliwa michoro yote itabadilika.

Kibali kikishatoka, nakala yake ikae na fundi eneo la kazi. Kubalianeni mapema kwamba kokoto na mchanga vitashushwa ndani ya kiwanja, visiachwe hata usiku mmoja kwenye bega la barabara.