Kurusha tangazo la wizara ya afya wakati wa janga: kazi ya chumba cha habari

Waziri akimaliza kusoma taarifa, mtazamaji ana maswali matatu: nifanye nini, kuanzia lini, na je, agizo hili linanihusu mimi niliye huku? Idadi ya walioambukizwa ni swali la nne. Kwenye runinga mpangilio huo hupinduka kwa urahisi, maana idadi hubadilika kila siku na hujaza skrini vizuri, ilhali agizo ni sentensi ndefu yenye masharti. Mwongozo huu ni wa wahariri, waongozaji wa matangazo na wachoraji wa grafiki. Mifano mingi inatoka Kenya, ambako kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13, 2020, na taarifa za Wizara ya Afya zikageuka kipindi cha karibu kila siku.

Kabla ya kuingia hewani

Mwombeni afisa wa mawasiliano wa wizara nakala ya hotuba mapema, lakini msiitegemee. Huweza kufika waziri akiwa tayari jukwaani. Wekeni watu watatu wa kusikiliza. Mmoja aandike maagizo tu, wa pili takwimu tu, wa tatu alinganishe kinachosemwa na taarifa iliyotangulia. Mtu mmoja akibebeshwa yote, takwimu humla muda na maagizo humpita.

Tayarisheni grafiki tupu yenye nafasi sita: agizo, nani, wapi, kuanzia lini, hadi lini, nani hahusiki. Ijazeni waziri anapozungumza. Nafasi itakayobaki wazi ndiyo swali la mwandishi wenu aliye ukumbini. Atumiwe kwa simu kabla maswali hayajafungwa. Na aulize kwa Kiswahili. Kama hotuba imesomwa kwa Kiingereza, jibu la sekunde 20 la Kiswahili kutoka kinywani mwa waziri mwenyewe lina uzito kuliko dakika nzima ya mtangazaji kumtafsiri.

Sauti ichukuliwe moja kwa moja kutoka mitambo ya ukumbi, na mikrofoni yenu iwekwe mezani kama akiba. Msemaji aliyevaa barakoa hasikiki sawasawa kwa mikrofoni ya kamera iliyo nyuma ya ukumbi.

Saa na mipaka

Makosa ya hapa ndiyo yanayomgharimu mtu. Kafyu ya Kenya iliyoanza Machi 27, 2020 ilikuwa ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa Kiingereza tarakimu zake ni 7 na 5. Mchoraji akizinakili na kutanguliza "saa", mtazamaji anasoma saa saba na saa tano, na anaweza kujikuta mikononi mwa polisi. Saa za agizo ziandikwe kwa maneno, sehemu ya siku itajwe kila mara, na mhariri wa zamu azihakiki kabla hazijaenda hewani.

Saa zenyewe hazikutulia. Juni 2020 mwanzo wa kafyu ulisogezwa hadi saa tatu usiku na mwisho wake ukawa saa kumi alfajiri. Mwisho wa Septemba ikaanza saa tano usiku, Novemba ikarudishwa saa nne. Machi 2021 kaunti za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zikawekewa saa mbili usiku, nyingine zikabaki na saa zake. Kwa agizo la namna hiyo grafiki moja haitoshi. Tengenezeni mbili, moja ya kaunti zilizotajwa na nyingine ya kwingineko kote, na mtangazaji azisome zote. Ukisoma ya kwanza tu, mtu wa Kisumu hajui kama kwake kumebadilika kitu.

Ramani nazo zina mitego. Aprili 6, 2020 kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi kulipigwa marufuku, na eneo hilo halikufuata mipaka ya kaunti. Upande wa Kiambu lilifika daraja la mto Chania, Thika. Upande wa Machakos lilifika Athi River. Kajiado lilichukua Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na mji wa Ngong. Ramani inayopaka rangi kaunti nne nzima inamwambia mtu wa Namanga kwamba amefungiwa pamoja na Nairobi. Kama hamna mchoro sahihi, acheni ramani, mwandike mahali mpaka unapoishia kwenye kila barabara kuu. Dereva wa lori anahitaji jina la daraja kuliko rangi.

Takwimu

Idadi ya visa isionyeshwe bila idadi ya sampuli. Tuseme jana zilipimwa sampuli 2,000 na kupatikana visa 100, yaani asilimia 5. Leo zimepimwa 4,000 na kupatikana 160, asilimia 4. Visa vimeongezeka huku kiwango kikishuka, kwa kuwa upimaji umeongezwa maradufu. Wekeni tarakimu zote tatu kwenye skrini moja, na kichwa cha "maambukizi yapanda" kisubiri.

Maabara zikipima kidogo wikendi, visa vya siku zinazofuata hushuka bila ugonjwa kupungua. Chati ioneshe wastani wa siku 7 kwa mstari mzito na idadi ya kila siku kwa rangi hafifu nyuma yake, mhimili uanzie 0. Kuhusu vifo, ulizeni kila mara: vimetokea ndani ya saa 24, au vimeongezwa kutoka rekodi za hospitali za wiki zilizopita?

Jedwali la nchi jirani liwe na tarehe kando ya kila tarakimu. Hesabu rasmi ya Tanzania ilibaki wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka tangu taarifa zikome Mei 2020. Bila tarehe, ukimya wa takwimu husomeka kama ukimya wa ugonjwa.

Slaidi za wizara msizipige picha ukutani, ziandikeni upya. Katika picha ya 1920 kwa 1080, acheni asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini, kwa kuwa baadhi ya televisheni hukata kingo.

Mkalimani wa lugha ya ishara

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya ya 2003 ilivitaka vituo viwe na mkalimani au maandishi katika taarifa za habari. Uingereza, mahakama iliamua Julai 2021 kwamba serikali iliwabagua viziwi kwa mikutano miwili ya 2020 isiyokuwa na mkalimani. Mwongozo wa Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa huko, unataka mkalimani apewe angalau sehemu moja ya sita ya picha, upande wa kulia, na ni kipimo kizuri cha kuazima. Apigwe picha na kamera yake mwenyewe, ukanda wa maandishi usipite juu ya mikono yake, na asivae barakoa ya kitambaa: mdomo na uso ni sehemu ya lugha. Asimame mbali na wengine, au avae ngao ya uso inayopenyeza mwanga.

Mubashara au la

Aprili 23, 2020, Donald Trump aliwaza kwa sauti, mubashara kutoka Ikulu ya Marekani, kama dawa ya kuulia vijidudu ingeweza kuingizwa mwilini kwa sindano. Mwezi mmoja kabla, redio ya KUOW ya Seattle ilikuwa imeacha kuirusha mubashara mikutano ya Trump na waandishi. Msemaji akijulikana kuchanganya maagizo na mambo ya kubuni, rekodini na mchelewe dakika 15. Mkiamua kwenda mubashara, daktari awe studioni na sahihisho liandikwe skrini ingali na msemaji. Kusubiri kusahihisha kwenye taarifa ya habari ya saa moja jioni ni kuchelewa.

Kila grafiki ibebe tarehe ndani ya picha yenyewe, kwani klipu itakatwa na kusambazwa WhatsApp bila maelezo yenu. Agizo likibadilika, mtu mmoja mwenye jina kwenye ratiba ya zamu aondoe la zamani kwenye ukanda, kwenye matangazo ya katikati ya vipindi na kwenye marudio ya usiku, kisha aongeze "agizo hili limebadilika" kwenye kichwa cha video iliyoko YouTube. Kafyu ya Kenya ilipoondolewa Oktoba 20, 2021, ilikoma siku hiyohiyo. Marudio ya usiku huo yalipaswa kuwa yamekwisha kusafishwa kabla giza halijaingia.