Somo: Kurudi kwenye belidansi baada ya kukaa pembeni

Kamwene wapendwa. Mmeniandikia wengi: mmoja aliacha kwa ujauzito, mwingine kwa masomo, mwingine shamba lilimmaliza. Sasa mnataka kurudi kwenye belidansi, ile ngoma ya Kimisri ya kuchezesha nyonga na tumbo.

Anayerudi haponzwi na kusahau, anaponzwa na kukumbuka. Muziki ukilia tu, kiuno kinakimbilia kasi ya zamani wakati misuli ya tumbo na mapaja bado imelala. Kesho yake mgongo hauinuki, na wengi huachia hapo kwa mara ya pili. Ndiyo maana somo hili linakwenda taratibu. Mwenye haraka anivumilie.

Hatua ya 1: Pasha mwili. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai sweta huvui hata ndani ya nyumba. Tembea papo hapo dakika 10, zungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu. Kama umetoka Dar juzi, pumzi itakukatikia mapema. Ni hewa ya huku juu, si uzee.

Hatua ya 2: Simama vizuri. Hapa msinikimbie. Miguu sambamba, magoti yalegee kidogo, kifua juu, makalio yaelekee chini. Sisi tuliokulia kwenye kukata kiuno harusini tumezoea kubinua makalio, na ukibinua huku magoti umeyakaza, mgongo wa chini ndio unaolipa. Funga kanga kwenye mifupa ya nyonga, chini kidogo ya pale unapofunga kibwebwe, ujitazame kwenye kioo: pindo likipanda upande mmoja, nyonga imepanda. Mshipi wa sarafu uache kabatini kwanza. Sarafu zinadanganya, zinalia hata ukikosea.

Hatua ya 3: Namba nane. Ichore kwa nyonga, iliyolala, polepole, kulia na kushoto. Wiki mbili za mwanzo fanya hii tu, dakika 20, siku tatu kwa wiki.

Hatua ya 4: Rudisha sikio. Kaa, piga mapaja kwa viganja. Dum ni pigo zito, tek ni pigo jembamba, na mapigo ya kuanzia ni mawili: Maksum ni dum-tek, tek-dum, tek. Saidi ni dum-tek, dum-dum, tek. Ukizitofautisha umefumba macho, simama ucheze. Waliokulia pwani kwenye chakacha, kiuno mnacho tayari, ila mapigo haya ni mengine.

Hatua ya 5: Mtetemo wa nyonga, mwisho kabisa. Unatoka kwenye magoti yanayopokezana, si kwenye kubana makalio. Dakika moja, pumzika, rudia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mafinga: Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto ana miezi mitatu. Nianze?

Hongera mama. Kliniki kwanza, wakuangalie kidonda na misuli ya tumbo. Wakikuruhusu, anza na kusimama na nane ndogo. Mawimbi ya tumbo yasubiri. Ukiona tumbo linatuna katikati unapojikaza, acha, urudi kwao.

Tukuyu: Shangazi, majirani wanasema hii ni ngoma ya baa. Niwajibu nini?

Misri watu wanaicheza majumbani na harusini, wake kwa waume. Ile ya jukwaani ilikuzwa Cairo miaka ya 1920, kwenye ukumbi wa mcheza ngoma Badia Masabni. Lakini mwanangu, usipoteze pumzi kubishana uani. Punguza sauti ya spika, cheza.

Tukuyu tena: Ndaga fijo shangazi, nimecheka.

Njombe: Nikitetema magoti yanauma.

Tazama kama yanaingia ndani. Yaelekee vidole vya miguu. Punguza ukubwa wa mtetemo, na usichezee peku kwenye sementi ya baridi, vaa viatu laini. Goti likivimba au likichoma kwa ndani, simamisha mazoezi umwone daktari.

Iringa, Kihesa: Dada, nina miaka 52 na vazi langu la zamani halifungi. Nifanye diet?

Usijinyime chakula kwa ajili ya sketi, dada yangu, utakosa nguvu ya kuchezea. Mpelekee fundi aongeze kipande kila ubavu. Sidiria ya kuchezea ndiyo ngumu: nunua nyingine imara inayokuenea, ufumue shanga za zamani uzishonee kwa mkono, na ufunge fundo kila baada ya shanga chache, ili uzi ukikatika zisimwagike zote ukumbini.