Flashi iliyorudi kutoka Wandegeya

Nakaa Busia, upande wa Uganda, na kompyuta yetu ya nyumbani imeugua mara moja tu. Binti yangu alichapa ripoti ya chuo kwenye duka moja la fotokopi Wandegeya, Kampala, akaja likizo na flashi yake. Nilipoichomeka niliona folda zote kwa majina yake, ila kila moja ina kimshale pembeni na imeandikiwa ukubwa wa kilobaiti 2. Folda ya kweli Windows haiiandikii ukubwa pale. Nami nikabofya!

Kimshale kile ni alama ya shotikati, yaani njia ya mkato ya kufungulia kitu kingine. Ukiibofya, inakufungulia folda kama kawaida, na papo hapo inaamsha kirusi kilichojificha. Kinahamia kwenye kompyuta, kisha kinarukia kila flashi itakayochomekwa.

Kwa hiyo ukichomeka flashi ya kutoka nje, usiifungue. Bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, chagua kuikagua kwa Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, subiri. Ukikuta vimshale, usiifomati kwa hasira, maana mara nyingi faili zimefichwa tu. Kirusi kikishaondolewa, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Faili zitajitokeza, zile shotikati zifute.

Defender hiyo imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, huna haja ya kununua nyingine. Tatizo letu ni kuzima masasisho ili kuokoa bando. Nami nilikuwa hivyo. Kirusi cha WannaCry kilipovamia dunia Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuiweka. Mimi huacha kompyuta ijisasishe usiku wa Jumapili, wanangu wakishalala na YouTube imenyamaza. Kama bado unatumia Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Halafu kuna fundi anayekuwekea Office (Word na wenzake) ya bure isiyo halali, yule anayesema, “Mzee, zima kwanza antivairasi.” Mlinzi umtoe getini ndipo mgeni aingie? Mimi nilimkatalia nikaweka LibreOffice. Ni ya bure kihalali, na nyaraka za Word inazifungua.

Watoto nimewafungulia akaunti zisizo za Administrator, yaani msimamizi wa kompyuta. Wakitaka kuweka gemu inayogusa mfumo, kompyuta inadai nywila yangu, na hapo tunaongea. Pia nimewasha maonyesho ya viambishi vya faili, zile herufi za mwisho wa jina kama .pdf, ili fomu.pdf.exe, ambayo ni programu, isijifanye PDF.

Picha za harusi na hati za kiwanja ziko pia kwenye diski ya nje. Naichomeka Jumamosi, nakopi, naichomoa, narudisha kabatini. Usiiache imechomekwa: kirusi cha kufunga faili na kudai fidia hufunga pia diski kinayoikuta hapo.

Binti naye habebi tena flashi dukani. Anatuma PDF kutoka kwenye simu yake kwa barua pepe ya duka, bila kufungua akaunti yake kwenye kompyuta yao. Wao wanachapa, yeye anachukua karatasi.